Mtihani wa udereva Dar es Salaam: mambo ya kutegemea, kuanzia lena hadi leseni

Wanafunzi wengi wa udereva jijini hujiandaa kwa mambo ya uwanjani: kupita katikati ya koni, kurudi rivasi, kuondoa gari bila kulizima. Hayo yatakuja na ni lazima uyajue. Lakini afande anayeketi pembeni yako siku ya mtihani ana swali moja kubwa kichwani: huyu mtu anaona? Ameiona bodaboda inayopenya kushoto? Amemwona mwanafunzi wa shule ya msingi anayetaka kuvuka? Amejua kwamba daladala ya mbele iko karibu kusimama ghafla kwa sababu konda ameshaning'inia mlangoni? Mikono inaweza kutetemeka na bado ukafaulu. Dereva asiyeangalia, hata akiwa na mikono mizuri namna gani, hafai kupewa barabara ya jiji hili.

Nimeandika nikimfikiria mtu anayeanza na gari dogo la kawaida. Wa pikipiki na wa magari makubwa wana mambo yao ya ziada, nitayagusa kidogo tu.

Hatua ya kwanza: weka karatasi sawa

Uwe umefikisha miaka 18. Uwe na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato, ambayo hutolewa bila malipo. Kisha unaomba leseni ya kujifunzia, yaani lena, ambayo kwenye mpangilio wa madaraja ndiyo daraja H. Unalipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu. Tunza stakabadhi zote, na usimpe mtu fedha taslimu akakulipie.

Kuna jambo dogo linalowasumbua watu wengi, nalo ni majina. Kama NIDA inasoma majina matatu na cheti cha shule ya udereva kina mawili, au herufi moja imepotea, utazungushwa mwishoni wakati umeshafaulu na una haraka. Kagua mapema: NIDA, TIN, lena na cheti cha shule viwe na jina lile lile, kwa mpangilio ule ule. Angalia pia tarehe ya mwisho ya lena yako, maana ni ya muda mfupi na wengi huifikia siku ya mtihani ikiwa imekwisha.

Lena haikuruhusu kuendesha peke yako. Lazima pembeni yako aketi mwalimu mwenye leseni, na gari liwe na alama ya L mbele na nyuma. Ile tabia ya kuchukua gari la kaka usiku na kwenda kujifunza mitaani peke yako ni hatari. Ukimgonga mtu, sheria inakuhesabu kuwa huna leseni, na kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa kulipa.

Amua daraja mapema. Daraja B ni la magari madogo binafsi. Daraja D linakupa pia magari madogo ya biashara, na ndilo ninaloshauri kwa kijana anayetafuta kazi. Hakuna kati ya hayo linalokuruhusu kuendesha pikipiki, kwa sababu pikipiki ziko kundi la A. Gari la abiria ni kundi la C, malori ni E, na huko huwezi kurukia moja kwa moja, unahitaji kwanza uzoefu na mafunzo ya ziada. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT pale Mabibo, hufundisha madereva wa magari ya abiria, na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, nayo huwapima na kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara.

Hatua ya pili: shule

Cheti cha shule ya udereva ni sehemu ya maombi yako, kwa hiyo shule iwe imesajiliwa. VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wanafundisha, NIT wanafundisha, na zipo shule binafsi karibu kila kona ya jiji. Kabla hujalipa, uliza maswali haya: Gari la kufundishia lina breki upande wa mwalimu? Nitaendesha kwenye foleni ya kweli au tutazunguka mtaa ule ule wenye vumbi kila siku? Kwenye gari tunapanda wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Shule ambayo inajaza wanafunzi wanne kwenye gari moja inakuuzia saa nzima na kukupa robo saa ya usukani.

Kuhusu gari la manyuo (lenye klachi) au la oto (lisilo na klachi), ushauri wangu hauna kona: jifunze kwa manyuo. Najua magari mengi ya mitaani sasa ni oto, kuanzia IST hadi Noah. Lakini anayejua klachi hupanda gari lolote, na aliyejifunza oto peke yake hukwama siku anapopewa kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, ya kazini.

Hatua ya tatu: nadharia, ambayo wengi huidharau

Kabla ya kugusa usukani utaulizwa maswali. Jiandae kwa namna zote mbili, kujibu kwa mdomo mbele ya afande na kujibu kwa maandishi, maana anayekariri karatasi mara nyingi huganda akiulizwa uso kwa uso.

Alama za barabarani zisome kwa umbo na rangi kwanza, picha baadaye. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la bluu linakuamuru. Mbao za mraba au mstatili kwa kawaida hukupa taarifa na maelekezo. Ukishika hilo, hata alama usiyoikumbuka utaweza kusema ni ya kundi gani, na jibu hilo lina thamani kuliko kunyamaza. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini ni toa njia. Yenye pembe nane ni simama kabisa, magurudumu yasizunguke, hata kama barabara ni nyeupe pande zote.

Mistari pia. Mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara hauvukwi ili kuovateki. Ikiwa ni miwili sambamba, mmoja umekatika na mwingine haujakatika, unafuata ule ulio upande wako.

Mwendo: kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, isipokuwa kama kibao kinasema vingine. Magari ya mizigo na ya abiria yanayozidi kilo 3,500 yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa nje ya hapo.

Swali ambalo kwa Dar lina uzito wa pekee ni hili: taa ni nyekundu, na trafiki aliyesimama katikati anakuita upite. Unafanya nini? Unapita. Ishara ya askari iko juu ya taa, na taa iko juu ya kibao. Asubuhi na jioni makutano mengi ya jiji huongozwa na trafiki hata kama taa zinawaka, kwa hiyo swali hili utalikuta barabarani wiki yako ya kwanza. Jifunze ishara zao: mkono ulionyooshwa juu unamsimamisha anayetoka mbele yake, na mkono ulionyooshwa pembeni unamsimamisha anayetoka nyuma yake. Na usisahau ishara zako mwenyewe za mkono, siku indiketa zikifa utazihitaji.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Lala mapema. Kula. Ukiwa unatoka Mbagala au Kimara, foleni unaijua, usijipe visingizio. Fika kabla ya muda ulioambiwa na uwe tayari kusubiri kwa muda mrefu, mara nyingi kwenye jua. Beba maji. Vaa viatu vinavyoshika mguu, vyenye soli nyembamba. Ndala zinateleza chini ya pedali na visigino virefu vinakuzuia kuihisi klachi. Kama unavaa miwani ya kuonea mbali, ivae, kwa sababu macho yako ni sehemu ya kinachopimwa.

Bahasha iwe na lena, kitambulisho, cheti cha shule, stakabadhi za malipo na picha ndogo kama umeelekezwa kuja nazo. Simu zima, siyo mtetemo tu.

Msalimie afande kwa heshima ya kawaida, kisha tulia. Huna haja ya kuongea sana. Maagizo yake yatakuwa mafupi: "Washa gari." "Kata kushoto." "Paki pale mbele." Usiposikia, uliza: "Samahani afande, umesema kulia?" Kuuliza hakukupunguzii chochote, kukata kona isiyo yako kwa kubahatisha ndiko kunakuharibia.

Gari likaguliwe kabla ya kuliwasha. Zunguka gari zima. Tazama matairi, kama yana upepo na kama kashata zake, yaani meno ya tairi, hazijaisha. Tazama chini kama kuna kinachovuja. Fungua boneti uonyeshe maji ya rejeta, oili na kijiti chake cha kupimia, maji ya breki, betri, mkanda wa feni. Ukiulizwa utajuaje kama oili inatosha, eleza: gari liwe mahali pa tambarare, limezimwa, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, usome kati ya alama mbili. Ukiambiwa ufungue mfuniko wa rejeta wakati injini ina moto, sema hapana, mpaka ipoe. Uulize pia, au ujue mwenyewe, zilipo pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, jeki, spana ya tairi na tairi la akiba.

Ndani ya gari fuata mpangilio mmoja kila siku ya mazoezi mpaka uwe mazoea: mlango, kiti, vioo vitatu, mkanda, hendibreki imepanda, gia iko frii. Ndipo unawasha. Anayewasha gari kabla ya kufunga mkanda ameshajieleza.

Hatua ya tano: uwanjani

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa shule yako itakuchosha na haya. Rivasi: geuza kichwa na bega, tazama nyuma kwa macho yako, usitegemee vioo peke yake wala kamera. Mwendo uwe wa klachi, polepole. Ukiona umepotea mstari, simama na urekebishe. Kurekebisha ni afadhali mara elfu kuliko kuendelea kwa ujasiri mpaka uigonge koni.

Kuondoa gari mlimani kunawaliza watu, kwa hiyo nikueleze taratibu. Hendibreki juu, klachi chini, gia namba moja. Ongeza mafuta kidogo. Achia klachi polepole mpaka usikie sauti ya injini imeshuka na pua ya gari imeinuka kidogo, hapo klachi imeshashika. Usiendelee kuiachia. Tazama kioo, tazama pembeni, shusha hendibreki, na gari litasimama pale pale kwa nguvu ya klachi. Ndipo unaongeza mafuta na kuondoka. Likianza kurudi nyuma, kanyaga breki, vuta hendibreki, anza upya. Likizimika, vivyo hivyo: breki, hendibreki, frii, washa. Gari kuzimika mara moja si kufeli. Kufadhaika baada ya gari kuzimika, ukaanza kufanya mambo mawili kwa pamoja, ndiko kunakozaa makosa makubwa.

Hatua ya sita: barabarani, mahali mtihani ulipo

Afande hawezi kuingia kichwani mwako. Anachoweza kuona ni shingo na macho yako. Kwa hiyo ukitazama kioo, tazama kwa namna ya kuonekana. Kabla ya kuondoka, kabla ya kukata kona, kabla ya kupunguza mwendo, kabla ya kuhama njia: kioo cha kati, kioo cha upande unakoelekea, kisha geuza kichwa kidogo uone sehemu ambayo vioo havifiki. Sehemu hiyo ndiyo bodaboda wanapokaa.

*Bodaboda na bajaji.* Dar watakupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Unapokata kushoto, usifikirie kwamba kushoto ni salama kwa sababu uko ukingoni. Washa indiketa mapema, punguza mwendo, tazama kioo cha kushoto, tazama tena. Usishindane nao. Ukimpa nafasi aliyekuingilia bila haki, afande ataona dereva mwenye akili.

*Zebra.* Ukiona michoro mbele, ondoa mguu kwenye mafuta hata kabla hujaona mtu. Mtu akikanyaga zebra, unasimama. Lakini tazama kwanza kioo cha kati na gusa breki mapema ili taa zako za nyuma zimwonye aliye nyuma, kwa sababu si kila anayekufuata amejiandaa kusimama. Ukishasimama, usimpungie mkono mvukaji kumwambia apite. Wewe umesimama, lakini bodaboda anayekuja kando yako hajasimama, na huyo mama atavuka kwa kukuamini wewe. Mwache atazame na kuamua mwenyewe. Na gari lililo mbele au pembeni yako likisimama kwenye zebra, hata kama huoni mtu, usilipite. Limesimama kwa sababu.

*Kipilefti.* Wa kulia kwako ana haki, yeye ambaye tayari yuko ndani ya mzunguko. Ukienda kushoto, kaa njia ya kushoto na indiketa ya kushoto. Ukienda kulia au kugeuka, shika njia ya kulia na indiketa ya kulia, kisha ukishapita mdomo wa barabara iliyo kabla ya yako, badilisha indiketa iwe ya kushoto, tazama kioo, toka. Kwenye mizunguko ya katikati ya mji, kama ule wa Sanamu ya Askari au wa Mnara wa Saa, watembea kwa miguu ni wengi kwenye midomo ya kutokea, kwa hiyo ukishapata nafasi ya kutoka usikimbie. Mara nyingi mwanafunzi anafurahi kuvuka mzunguko halafu anasahau watu walioko mbele yake.

*Mwendokasi.* Njia za mabasi ya mwendokasi, kama zile za Barabara ya Morogoro zilizoanza kutumika mwaka 2016, si zako hata kama ziko tupu na foleni yako haisogei. Lakini hatari kubwa zaidi ni kukata kulia. Njia hizo ziko katikati ya barabara, kwa hiyo ukikata kulia unaikata njia ya basi, na basi linaweza kutokea nyuma yako, upande wako wa kulia, kwa kasi na bila kelele nyingi. Subiri taa yako. Taa ikiruhusu, tazama kioo cha kulia na bega la kulia kabla ya kugeuza usukani. Hili sijaona shule nyingi zikilitilia mkazo, na linastahili somo lake peke yake.

*Daladala.* Acha nafasi. Ikisimama kituoni usijibanze nyuma yake mpaka ukose pa kutokea. Simama mahali ambapo bado unaona matairi yake ya nyuma yakigusa lami. Unapoipita iliyosimama, tegemea mtu kuchomoza mbele yake.

*Madaraja ya juu.* Pale Mfugale, TAZARA, au Kijazi, Ubungo, amua njia yako mapema kwa kusoma vibao. Ukishaanza kupanda umeshachagua. Ukikosea, endelea mpaka mahali salama pa kugeuzia. Kukata ghafla kuvuka mstari ni kosa la kukufelisha, kupotea njia si kosa.

Kuna wakati utaambiwa upaki mahali ambapo hapafai, karibu sana na zebra, kwenye kona au mdomoni mwa makutano. Inaweza kuwa kipimo. Sema kwa utulivu: "Afande, hapa kuna zebra, naomba nisogee mbele kidogo." Kisha sogea.

Makosa mengine madogo ambayo yakijumlishwa yanakuangusha: kuacha mguu juu ya klachi muda wote, kuteremka mlima gia ikiwa frii, kushika usukani kwa mkono mmoja huku mwingine umelala kwenye gia, kusahau kuzima indiketa, kukaa katikati ya njia mbili. Na kwenda polepole mno. Kilomita 20 kwa saa kwenye barabara iliyo wazi inamwambia afande kwamba unaogopa, na dereva mwoga huwachanganya walio nyuma yake.

Kuhusu kutoa "chochote"

Utakutana na mtu nje ya geti, au hata ndani ya shule, atakayekuambia kuna njia fupi: lipa kiasi fulani, leseni itakuja bila kupimwa. Kataa. Ni rushwa, na unaweza kuitolea taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113 bila malipo. Mimi lakini linaniuma kwa sababu nyingine. Anayenunua leseni anaingia barabarani kwenye zebra zile zile ambazo wadogo zetu wanavukia kwenda shule, na hajawahi kupimwa na mtu yeyote kama anawaona.

Baada ya mtihani

Ukifeli, muulize afande kwa adabu umekosea wapi na uandike siku hiyo hiyo. Wengi huondoka na hasira wakarudi na kosa lile lile. Rudi kwa mwalimu ukiwa na orodha hiyo, fanyieni kazi mambo hayo tu, kisha omba tena.

Ukifaulu, polisi watakupa cheti cha umahiri. Hicho si leseni, na bado huruhusiwi kuendesha peke yako. Unakamilisha maombi TRA, unalipa ada, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole na saini. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, leseni hudumu miaka mitano badala ya mitatu, na ada yake ilipandishwa kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Weka saini utakayoweza kuirudia.

Siku ya kuchukua kadi, usiondoke dirishani kabla hujaisoma: majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, na hasa daraja. Mtu aliyefanyiwa mtihani wa D akipewa kadi yenye B peke yake, ni rahisi kurekebisha akiwa bado amesimama pale kuliko miezi sita baadaye, trafiki akiwa ameishika mkononi kando ya Barabara ya Nyerere.